Nafasi ya Diski kwenye Klasta ya Ceph: Soma Hesabu Kabla Haijajaa

Klasta ya Ceph, yaani seva kadhaa zilizounganisha diski zao kuwa hifadhi moja, yenye nakala tatu za kila data, haisubiri nafasi yote iishe ndipo ijae. Hujaa siku diski moja tu, ile iliyobeba mzigo kuliko wenzake, inapofika asilimia 95. Hapo uandishi unasimama hata kama diski nyingine zote zina nafasi tele. Mashine pepe zinaganda, kamera zinaacha kurekodi, na mkuu wa ofisi anauliza mbona ripoti ya jana ilionyesha nusu ya hifadhi iko wazi.

Sababu iko kwenye namna Ceph inavyopanga data. Kila kipande cha data hupangiwa fungu liitwalo PG kwa hesabu ya hash, na kila PG hupangiwa diski zake tatu. Huwezi kukiambia kipande kiende penye nafasi. Kikipangiwa diski iliyojaa, ni hapo hapo kinapotakiwa kuandikwa, na kisipoandikika Ceph hufunga uandishi wa puli nzima (puli ni sehemu ya hifadhi yenye jina na kanuni zake). Kwa hiyo wastani wa klasta ni namba ya kumtuliza meneja. Fundi huangalia diski iliyojaa zaidi.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: ofisi ya uwakala wa forodha yenye ghala Shimanzi, Mombasa. Ina nodi (seva) 4, kila nodi ina diski 4 za TB 4, nakala tatu (`size=3`), uandishi unaruhusiwa zikiwepo angalau mbili (`min_size=2`), na kila nakala lazima ikae kwenye nodi yake. Puli ziko mbili: `mashine` inabeba diski pepe za seva za ofisi, na `kamera` inabeba video za ghala kupitia CephFS, mfumo wa faili wa Ceph. Ukitumia Proxmox (jukwaa la mashine pepe) amri hizi utazitoa kwenye terminali ya nodi yoyote. Ukitumia cephadm (zana ya Ceph yenyewe ya kusimamia klasta), ingia kwanza kwa `cephadm shell`.

Hatua ya 1: Fanya hesabu ya karatasi

Diski 16 za TB 4 ni TB 64 kwenye risiti. Lakini muuzaji anahesabu kwa elfu na Ceph inahesabu kwa 1024, hivyo diski ya TB 4 kwako ni TiB 3.64, na zote 16 ni TiB 58.2. Hakuna aliyekuibia.

Gawanya kwa nakala tatu: TiB 19.4. Ceph huanza kulalamika diski ikifika asilimia 85, kwa hiyo kiwango cha kufanyia kazi bila makelele ni TiB 16.5. Bado. Nodi moja ikifa kabisa, nodi tatu zinazobaki zitabeba mzigo wote, na nazo zisivuke 85. Chukua robo tatu ya 19.4, uzidishe kwa 0.85, utapata TiB 12.4.

Hiyo 12.4 ndiyo namba ya kumpa mwenye pesa. Kwa hesabu ya diski ghafi ni asilimia 64 hivi. Iandike ukutani karibu na seva, maana mtu atakayekuja baada yako ataona TB 64 kwenye karatasi za manunuzi na atapanga matumizi kwa namba hiyo.

Hatua ya 2: Soma `ceph df` bila kujidanganya

```
--- RAW STORAGE ---
CLASS  SIZE    AVAIL   USED    RAW USED  %RAW USED
hdd    58 TiB  25 TiB  33 TiB  33 TiB        56.70
TOTAL  58 TiB  25 TiB  33 TiB  33 TiB        56.70

--- POOLS ---
POOL     ID  PGS  STORED   OBJECTS  USED    %USED  MAX AVAIL
mashine   2   32  7.0 TiB  1.84M    21 TiB  60.70    4.5 TiB
kamera    4   32  3.9 TiB  1.02M    12 TiB  46.20    4.5 TiB
```

Jedwali la juu ni la diski ghafi, nakala zote zikiwemo. Lile la chini ni la puli. `STORED` ni data yenyewe kama mtumiaji alivyoiandika, na `USED` ni kile ilichokula kwenye diski baada ya kuzidishwa. Safu hizi mbili zilitenganishwa kuanzia toleo la Nautilus la mwaka 2019. Ukisoma maelezo ya zamani zaidi ya hapo, namba hazitalingana na zako.

Sasa kosa linalofanywa karibu kila mahali: mtu anachukua `AVAIL` ya TiB 25, anagawa kwa 3, anapata 8.3, anaahidi idara ya kamera kwamba kuna nafasi ya kutosha. Angalia `MAX AVAIL`: ni 4.5. Karibu nusu ya alichoahidi.

Ceph haikosei hapo. `MAX AVAIL` hukokotolewa kwa kuuliza: nikiendelea kuandika kwa mgao huu huu, nitaandika kiasi gani kabla diski ya kwanza kufika asilimia 95? Kwenye mfano wetu diski iliyojaa zaidi iko 71.6. Imebakiwa na asilimia 23.4 ya TiB 3.64, yaani TiB 0.85. Zidisha kwa diski 16, gawanya kwa nakala 3, na 4.5 hiyo hapo. Kwa hiyo `MAX AVAIL` ikishuka ghafla bila data kuongezeka, kuna diski moja imejitenga na wenzake.

Tena, usijumlishe 4.5 ya `mashine` na 4.5 ya `kamera`. Ni nafasi ile ile inayoonekana kutoka madirisha mawili. Puli moja ikiila, nyingine imekosa.

Hatua ya 3: Tafuta diski iliyojaa zaidi

```
ceph osd df tree
```

Safu za kuangalia ni tatu: `%USE`, `VAR` na `PGS`. `VAR` ni uwiano wa diski hiyo na wastani. 1.00 ni sawasawa, na 1.26 maana yake imebeba robo zaidi ya wenzake. Mwisho kabisa wa jedwali kuna `STDDEV`. Kwenye klasta ya diski zinazofanana, ikizidi 3 au 4 kuna kazi ya kufanya.

Kwenye ofisi yetu ya Shimanzi sababu inaonekana tayari kwenye `ceph df`: puli zote mbili zina PG 32 tu. TiB 7 ukizigawa kwa 32, kila PG ni GiB 224. Kwenye diski ya GiB 3725, PG moja tu ni asilimia 6. Kwa wastani kila diski ingebeba PG 6 za `mashine` na 6 za `kamera`. Hii yetu imebeba 8 na 7, na hizo tatu za ziada zimetosha kuipeleka 71.6 wakati wastani ni 56.7. Mafungu yakiwa makubwa hivyo, hakuna kisawazishi kitakachoyapanga yakalingana.

Kadirio la kutumia ni PG 100 hivi kwa kila diski, nakala zikiwemo, puli zote zikijumlishwa. Diski 16 mara 100, gawa kwa 3, ni 533. Ipe `mashine` 256 na `kamera` 128, ubakishe akiba ya puli zijazo:

```
ceph osd pool set mashine pg_num 256
ceph osd pool set kamera pg_num 128
```

PG ya `mashine` sasa ni GiB 28, chini ya asilimia 1 ya diski. Ceph haitapasua yote kwa mpigo. Husogeza data kidogo kidogo, ikilenga isizidi asilimia 5 iliyo nje ya mahali pake kwa wakati mmoja. Kwa diski za kuzunguka kazi hii huchukua siku kadhaa, na mifumo ya ofisi itapungua kasi, basi ianze Ijumaa jioni. Angalia pia `ceph osd pool autoscale-status`. Kama kipanga PG cha Ceph kimezimwa, namba hizi hazitajirekebisha zenyewe data ikikua.

Kazi hiyo ikiisha, washa kisawazishi:

```
ceph osd set-require-min-compat-client luminous
ceph balancer mode upmap
ceph config set mgr mgr/balancer/upmap_max_deviation 1
ceph balancer on
ceph balancer status
```

Kiwango cha kawaida cha `upmap_max_deviation` ni 5, maana yake kisawazishi kinaridhika diski ikiwa na PG tano zaidi au pungufu. Kwa klasta ndogo hiyo ni tofauti kubwa, ndiyo maana tunaweka 1. Kisawazishi hakifanyi kazi klasta ikiwa na nakala pungufu, kwa hiyo kikikaa kimya tazama `ceph -s` kwanza. Na kama fundi aliyekutangulia alikuwa akipunguza `REWEIGHT` (uzito wa diski) kwa mkono, rudisha zote 1.00 hatua kwa hatua. Njia hizo mbili zikitumika pamoja zinavutana.

Hatua ya 4: Gawa `USED` kwa `STORED`

Klasta ikiwa `active+clean`, yaani nakala zote ziko mahali pake, gawa `USED` kwa `STORED` kwa kila puli. Ukipata 3.0 au juu yake kidogo, sawa. Ukipata 4, 6 au hata 12, diski zako zimejaa faili ndogo ndogo, na kila moja inakalia nafasi kubwa kuliko mwili wake.

Ceph hugawa nafasi ya diski kwa kipimo cha chini kinachoitwa `bluestore_min_alloc_size`. Kwa diski za kuzunguka kipimo hicho kilikuwa KiB 64 hadi toleo la Pacific la mwaka 2021 lilipokishusha kuwa KiB 4. Kwa KiB 64, faili ya KiB 5 ni gunia moja la mchele lililopewa kontena zima. Tuseme una hati milioni moja zilizoskaniwa vibaya, za KiB 5 kila moja. Data yenyewe ni GiB 4.8, na kwa nakala tatu ungetegemea GiB 14. Kwa kipimo cha KiB 64 zitakula GiB 183. Kwa KiB 4 zitakula 23.

Watu wengi wanakwama hapa: kipimo hicho huchongwa kwenye diski siku OSD (programu ya Ceph inayosimamia diski moja) inapoundwa. Kupandisha toleo la Ceph hakukibadilishi, wala kubadilisha usanidi na kuwasha upya. Matoleo mapya yanakuonyesha kilichochongwa:

```
ceph osd metadata 0 | grep min_alloc
```

Ukikuta 65536 na uwiano wako ni mbaya, dawa ni kutoa OSD moja, kuifuta, kuiunda upya, kusubiri data irudi yote, kisha kwenda kwa inayofuata. Kwa diski 16 ni kazi ya wiki. Kama `mashine` ndiyo puli kubwa, usijisumbue: RBD, sehemu ya Ceph inayotoa diski pepe, huzikata kwa vipande vya MiB 4, na hapo hasara ni ndogo mno.

Hatua ya 5: Jua anayekula

Anza na diski pepe.

```
rbd du -p mashine
```

`PROVISIONED` ni ahadi na `USED` ni kilicholiwa. Diski pepe ya GiB 500 haichukui GiB 500 siku ya kwanza. Jumlisha ahadi zote. Zikizidi kile klasta inachoweza kubeba, siku moja zote zitadaiwa pamoja, kwa kawaida siku ya bekapu au ya kupandisha toleo la mfumo.

Kisa kinachojirudia sana ni hiki: ndani ya seva ya mhasibu `df -h` inaonyesha GiB 80 zimetumika, lakini `rbd du` inaonyesha GiB 310. Faili zilifutwa ndani, ila Ceph haikuambiwa. Mfumo wa faili unafuta jina tu, na vipande vinabaki kwenye diski tatu. Kwenye Proxmox weka alama ya Discard kwenye diski ya mashine pepe, tumia VirtIO SCSI, zima na uwashe mashine, kisha ndani ya Linux:

```
fstrim -av
systemctl enable --now fstrim.timer
```

Kwenye Windows, kazi hiyo inafanywa na zana ya kuboresha diski iliyomo humo humo. GiB 230 zikirudi, kwenye diski ghafi umepata 690.

Kama hazikurudi, kuna snapshoti (picha ya diski ilivyokuwa wakati fulani) imezishikilia. Snapshoti ikichukuliwa leo ni bure. Gharama inakuja data ya chini yake inapobadilika, kwa sababu toleo la zamani lazima libaki. Snapshoti ya "kabla ya kusasisha" iliyosahaulika mwaka mzima kwenye hifadhidata inaweza kula sawa na hifadhidata yenyewe.

```
rbd snap ls mashine/vm-104-disk-0
rbd trash ls -p mashine
```

Ukifuta snapshoti, nafasi hairudi papo hapo. Utaona PG zikiwa `snaptrim` (zinasafisha) na `snaptrim_wait` (zinasubiri zamu) kwenye `ceph -s`. Subiri. Kufuta nyingine kumi kwa hasira kutazidi kuzielemea diski.

Kwa CephFS usitumie `du` kwenye mamilioni ya faili. Ceph tayari inaijua jumla ya kila folda:

```
getfattr -n ceph.dir.rbytes /mnt/kamera/lango-kuu
```

Jibu linakuja papo hapo. Video zina uzuri mmoja, zinatabirika. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde huandika GB 21.6 kwa siku. Kamera 10 ni GB 216, na siku 20 ni TB 4.32, yaani TiB 3.9, ile ile tuliyoiona kwenye `STORED`. Hesabu hizi zisipolingana, ama mtu amepandisha ubora wa picha, ama programu ya kurekodi haifuti za zamani, ama kuna snapshoti kwenye folda iliyofichwa ya `.snap`.

Sasa meneja anataka video zihifadhiwe siku 30 badala ya 20. Zinaongezeka TiB 1.96, ambazo kwenye diski ghafi ni 5.9. Matumizi yanapanda kutoka 56.7 hadi asilimia 67, juu ya kile kiwango chetu cha 64. Jibu lako lina sababu inayoeleweka: zinaingia, lakini nodi ikifa hatutaweza kurudisha nakala zote bila kuvuka kizingiti. Muulize pia kama siku 30 zinahitajika kweli. Nyaraka za kodi lazima zikae miaka 5 kwa sheria, ila video za watu wanaopita langoni ni data binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitaki zikae kupita haja.

Lolote litakaloamuliwa, weka ukomo ili kamera zisije zikazima seva za ofisi:

```
ceph osd pool set-quota kamera max_bytes 5497558138880
```

Hiyo ni TiB 5 za data halisi, kabla ya nakala, na inatosha siku 20. Mkikubali siku 30 ipandishe, maana video zitafika TiB 5.9.

Ukihitaji siku nyingi na pesa za diski hazipo, video zinafaa kwenye puli ya mtindo wa vipande na vipande-akiba (erasure coding, EC). Kwa nodi 4, `k=2 m=2` (vipande 2 vya data na 2 vya akiba) inakula mara 2 badala ya mara 3, kwa hiyo TiB 3.9 zitachukua 7.8 badala ya 11.7. Usiibadilishe puli iliyopo, haiwezekani. Unda mpya, washa `allow_ec_overwrites`, iongeze kama puli ya pili ya data ya CephFS, kisha ielekeze folda ya kamera huko kwa `ceph.dir.layout.pool`. Faili za zamani zitabaki zilipo, mpya ndizo zitakazoandikwa huko. Jiandae kwa mshangao mmoja: CephFS ikiwa na puli moja ya data, `df -h` ya mteja inaonyesha nafasi ya puli hiyo, nakala zikiwa zimeshaondolewa. Ikiwa na mbili, inaonyesha nafasi ghafi ya klasta nzima. Hakuna TiB zilizozaliwa usiku.

Wanaotumia hifadhi ya aina ya S3 waangalie mambo mawili tu: vilivyofutwa husubiri angalau saa 2 kabla ya kuondolewa, na upakiaji mkubwa uliokatika katikati huacha vipande hadi uweke kanuni ya kuvisafisha kwenye ndoo.

Hatua ya 6: Pima klasta ikiwa na kilema

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoumiza. Rudi kwenye klasta yetu kabla haijasawazishwa. Nodi moja ikifa, mzigo wa TiB 33 unahamia kwenye nodi tatu zenye TiB 43.6. Wastani unakuwa asilimia 76, na mtu angesema tumepona. Lakini ile diski ya 71.6 inapanda kuelekea 95. Ceph ina vizingiti vitatu: 0.85 ni onyo, 0.90 ni kukataa kupokea nakala zinazohamishwa, na 0.95 ni kufunga uandishi. Kwa hiyo diski ikifika 90 urejeshaji unakwama, PG zinaandikwa `backfill_toofull`, na data yako inabaki na nakala mbili mbili bila tarehe ya kupona. Ukiwa umesawazisha na iliyojaa zaidi iko 58, ingeishia 77 tu.

Mwenye nodi 3 na nakala 3 ana hesabu tofauti. Nodi ikifa, hakuna pa kuhamishia nakala ya tatu, kwa hiyo diski hazijai. Hatari yake ni diski moja kufa. Kila nodi lazima iwe na nakala moja ya kila kitu, kwa hiyo mzigo wa diski iliyokufa unaangukia wenzake wa nodi hiyo hiyo. Nodi yenye diski 4 za asilimia 60: tatu zinazobaki zinafika 80. Zikiwa 70, zinafika 93, nawe umeshakwama. Mwenye diski mbili tu kwa nodi asizidi asilimia 42.

Hapa Pwani joto na hewa ya chumvi haviwasamehei wenye chumba cha seva kisicho na kiyoyozi cha uhakika, hasa Januari hadi Machi. Pima joto la diski kwa `smartctl -a`, na ulenge lisizidi nyuzi 45. Weka diski mbili za akiba ofisini, kwenye mfuko wake uliofungwa na silika jeli ndani, usingoje kuagiza Nairobi siku ya msiba.

Kuna na umeme. Nodi ikizimika, Ceph husubiri dakika 10, kisha inaanza kunakili upya. Kama ni UPS ya nodi moja imechoka na fundi yuko njiani, urejeshaji huo ni mzigo wa bure. Toa `ceph osd set noout`, na nodi ikirudi `ceph osd unset noout`. Kwa klasta ndogo yenye mtu wa kuitikia simu, tunapendekeza hii ya kudumu:

```
ceph config set mon mon_osd_down_out_subtree_limit host
```

Nodi nzima ikianguka, Ceph haitahamisha chochote mpaka mtu aamue. Diski moja ikifa, itaendelea kujirekebisha kama kawaida.

Ikishajaa

Usiwashe upya chochote. OSD iliyojaa kupita kiasi inaweza kukataa kuamka, kwa sababu hifadhidata yake ya ndani nayo inahitaji nafasi ya kuandika. Fuata mpangilio huu.

Kwanza zima waandishi wakubwa: kamera, bekapu, uagizaji wa data. Pili, `ceph health detail` ikutajie OSD gani. Tatu, jipatie upenyo mdogo:

```
ceph osd set-full-ratio 0.96
```

Usiende 0.97, kwani hapo kila OSD ina breki yake ya mwisho na itakataa yenyewe. Nne, futa vitu vyenye uhakika kwa mpangilio huu: takataka za `rbd trash`, snapshoti za zamani, video zilizopita muda. Tano, subiri nafasi irudi kweli kwenye `ceph osd df`. Kama urejeshaji umekwama, pandisha `set-backfillfull-ratio` hadi 0.92 kwa muda. Diski zikishuka, rudisha 0.95 na 0.90. Vizingiti vilivyoachwa juu ndivyo vinavyoua klasta safari ya pili. Hakikisha kwa `ceph osd dump | grep ratio`.

Kuna atakayekushauri upunguze `size` kutoka 3 hadi 2, nafasi irudi theluthi nzima. Mkatalie. Ukiwa na nakala 2 na `min_size` 2, diski yoyote ikianguka puli inasimama. Basi utashusha `min_size` hadi 1, na toka hapo data inaandikwa mahali pamoja tu wakati wa hitilafu. Diski ya pili ikifa wakati wa kunakili, tena kunakili ndiyo kazi inayozichosha diski kuliko zote, hakuna cha kurejesha.

Kama klasta imesimama na diski zote ziko chini ya 85, angalia diski ya mfumo kwenye nodi zenye `mon`, programu inayotunza hali ya klasta nzima. Folda ya `/var/lib/ceph` hukua urejeshaji unapochukua siku nyingi. `mon` hulalamika ikibaki asilimia 30, na hujizima ikibaki 5.

Kuongeza diski

Ongeza kwa usawa kwenye kila nodi. Kwa nodi 3 na nakala 3, nodi ndogo ndiyo inayopima wote: TB 16, 16 na 32 zinakupa TB 16 za data, na zile 16 za ziada ni chuma tu. Kwa nodi 4 hali ni afadhali, ila nodi moja ikiwa kubwa kupita theluthi ya jumla yote, kinachozidi hapo hakitumiki.

Diski za TB 8 kati ya za TB 4 zinakubalika, lakini kila moja itabeba PG mara mbili, hivyo maombi mara mbili, na kasi ya diski ya kuzunguka haiongezeki na ujazo. Kabla ya kuchomeka toa `ceph osd set norebalance`, ongeza zote, kisha `unset`, ili data ihame mara moja badala ya kuhama upya kwa kila diski. Agiza ukiwa asilimia 55. Kusubiri 80 ni kuanza kazi nzito kabisa ya klasta wakati imebakiwa na nafasi ndogo kabisa.

Kila Jumatatu chukua namba tatu uziweke kwenye jedwali: `%RAW USED`, `%USE` ya diski iliyojaa zaidi, na `MAX AVAIL` ya kila puli. Weka onyo la simu kwenye ile ya pili, likupigie ikifika 70. Zikipanda zote pamoja, data inakua na ni wakati wa kununua. Ya pili ikipanda peke yake, rudi Hatua ya 3.